Wazazi Wanasingiziwa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo, na Fizikia na Kemia zikaonekana zimeanguka tena, hutafutwa mtu wa kutwishwa mzigo. Mwalimu hutajwa kwanza, lakini mwalimu ana chama chake na aweza kujibu. Wizara hutajwa kwa sauti ya chini, kwa sababu wanaoitaja wana haja nayo. Mwishowe lawama humwangukia mtu asiye na chama wala gazeti, ambaye siku ile yuko shambani au sokoni na hana habari kama anahukumiwa. Mtu huyo ni mzazi. Husemwa kuwa amelegea. Kuwa vijana wa sasa hawamwogopi mtu. Kuwa lau fimbo ingalishikwa nyumbani, kanuni za Newton zingalikaa kichwani. Kisha methali husomwa juu yake mithili ya hukumu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Makala haya ni ya kuipinga hukumu hiyo. Sisemi kuwa malezi hayana kazi katika somo la sayansi; yana kazi kubwa kuliko wanavyodhani wale wanaoyataja. Nasema kuwa malezi yaliyo bora kwa sayansi ni mazungumzo, na kuwa sisi, kwa kanuni tuliyoilinda zaidi ya miaka hamsini, tumeyakata mazungumzo hayo katika umri ule ule ambao kijana anayahitaji sana. Mtu hawezi kuvunja daraja, kisha akamshitaki aliyesimama ng'ambo ya mto kwa kuchelewa kufika.

Washitaki wa siku hizi hawaji na methali peke yake. Huja na elimu ya ughaibuni pia. Yafaa tuitazame elimu hiyo, maana ni elimu ya kweli, nayo haisemi yote wanayoisemesha. Mwaka 1966 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Berkeley katika jimbo la California, alieleza namna tatu za kulea. Ya kwanza ni malezi ya amri, ambamo neno la mzazi ni sheria na halina haja ya sababu. Ya pili ni malezi ya kudekeza, ambamo mtoto hupewa upendo lakini hapewi mpaka. Ya tatu, ambayo yeye aliisifu, ni malezi ya sababu: mzazi ana mpaka na huushika, lakini hueleza kwa nini mpaka uko pale, na mtoto akileta hoja husikilizwa, hata kama mwisho wa mambo neno la mzazi ndilo litakalosimama. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin walitenga aina ya nne, malezi ya kutelekeza, ambamo mzazi haamrishi wala habembelezi. Hayupo, hata akiwa amekaa chumba kimoja na mwanawe. Nawaomba wasomaji waiweke akilini aina hii ya nne, maana nitairudia.

Mwaka 1987 Sanford Dornbusch wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya vijana zaidi ya 7,800 wa shule za sekondari za pande za San Francisco, waliowauliza habari za nyumba zao na alama zao. Nyumba za amri na nyumba za kudekeza zilikwenda pamoja na alama za chini. Nyumba za sababu zilikwenda pamoja na alama za juu. Hapa ndipo washitaki wetu wafungapo kitabu. Lau wangaliendelea kusoma, wangaliona kuwa kwa vijana wenye asili ya Asia hesabu haikukubali vile: nyumba zao zilihesabiwa kuwa za amri, na alama zao zilikuwa nzuri. Mwaka 1994 Ruth Chao alieleza kuwa kile ambacho kipimo cha Kimarekani kilikiita ukali, kwa mama wa Kichina kilikuwa ni kumfunza mtoto na kumhangaikia kila siku. Kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mtu mmoja ilikuwa imevishwa mtu mwingine, kisha mabega yake yakalaumiwa.

Na uko uchunguzi wa karibu zaidi na kwetu, ambao sijapata kuusikia ukitajwa jukwaani. Stephen Heyneman alizichunguza shule za msingi za Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaona kuwa cheo na mali ya wazazi vilikuwa na uzito mdogo tu katika alama za mtoto. Mwaka 1983 yeye na William Loxley waliipanua hesabu hadi nchi 29, wakasema kuwa kadiri nchi ilivyo maskini ndivyo shule na mwalimu wanavyobeba sehemu kubwa zaidi ya kile anachojifunza mtoto. Wataalamu wamebishana nao tangu siku hizo, na cheo cha nyumba si kitu kimoja na malezi ya nyumba. Lakini mtu anayetaka kuleta ushahidi wa California mbele ya baraza la Tanzania, na aulete pamoja na huu wa Uganda.

Basi malezi yana kazi gani? Tuviache vyuo vikuu kidogo, tuingie jikoni. Mtoto ametumwa kuuweka mtungi wa maji, naye auweka pembeni mwa chumba kisicho na dirisha. Mama amwambia autoe, auweke barazani penye upepo. Mtoto auliza kwa nini. Katika nyumba ya amri atajibiwa kuwa ameambiwa, na yatosha. Katika nyumba ya kudekeza mtungi utaachwa pale pale alipopenda. Katika nyumba ya sababu mama atasema: mtungi hutoka jasho, na upepo ukilichukua lile jasho maji hupoa, chumbani hakuna upepo, maji yatakuwa vuguvugu. Mama huyu labda hakupita darasa la nne. Walakini amemfunza mwanawe Fizikia, na zaidi ya Fizikia amemfunza kuwa amri njema ina sababu nyuma yake, na kuwa sababu yaweza kujaribiwa: weka mitungi miwili, mmoja ndani na mmoja nje, uonje jioni.

Mama huyo huyo hutia magadi katika maharage yaive upesi. Hutia hamira katika unga wa maandazi, akaufunika na kuuweka mahali penye joto. Hukamua ndimu juu ya samaki. Kila kimoja katika hivi ni mlango wa Kemia au wa Biolojia. Vitu hivi vimo katika nyumba nyingi, tajiri kwa maskini. Kinachotofautisha nyumba na nyumba ni kama mtoto ana ruhusa ya kuuliza. Sayansi ni elimu ya kwa nini. Kijana ambaye neno hilo limekatazwa nyumbani kwao kwa miaka kumi na mitatu hulipokea somo kama alivyozoea kupokea amri: atazikariri kanuni, atazitapika mtihanini, na swali likigeuzwa kidogo hana la kusema. Hapa Baumrind ana haki, na mila zetu zikimpinga zina makosa.

Lakini je, mila zetu zampinga? Wako wanaosema kuwa mtoto wa Kiafrika hulelewa kwa kunyamazishwa, na wako hata wanaojivunia jambo hilo. Mimi sioni hivyo. Wahenga waliosema kuuliza si ujinga hawakuishi California. Mwanagenzi wa fundi wa majahazi huuliza kwa nini ubao huu na si ule, na fundi humjibu, kwa sababu jahazi likivuja litavuja kwa jina la fundi. Mila ilichokitaka ni adabu ya kuuliza. Mtoto aliyefunzwa kusema, "Samahani, baba, sikuelewa," ameuliza, na heshima ya baba yake iko mahali pake. Ni kweli kuwa nyumba nyingi humjibu mtoto kwa kofi, nami sizitetei. Lakini aghalabu kofi lile si mila, ni uchovu wa mtu aliyeamka alfajiri.

Kwa wanaodhani kuwa hofu huzaa wanasayansi, nchi hii ina kisa kinachojulikana ulimwenguni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza katika friji. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaingiza yakiwa ya moto, wakati ule ule ambao mwenzake aliingiza maziwa yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipokwenda mjini Tanga alimkuta rafiki aliyeuza aiskrimu, naye akamwambia kuwa hata yeye hutumia maziwa ya moto kwa sababu huganda upesi. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, akafanyiwa dhihaka. Mwishowe alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kuzungumza na wanafunzi; Osborne akarudi, akalijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja. Wanafizikia wangali wanabishana juu ya sababu yake, na wengine juu ya ukweli wake, na huo ndio uzuri wa swali lile.

Sikitaji kisa hiki kwa ajili ya barafu. Nakitaja kwa ajili ya yule muuza aiskrimu wa Tanga. Shule ilipofunga mlango, mtu wa mjini asiye na maabara alimpa kijana ushahidi wa pili, na alimpa kwa sababu wote wawili walikuwa na maneno ya jambo walilokuwa wakilizungumza: maziwa, moto, kuganda. Sidhani kama mazungumzo yale yalihitaji Kiingereza.

Sasa tutazame tumefanya nini. Mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma sayansi kwa Kiswahili. Jioni akirudi na daftari lake, baba aliyeishia darasa la saba aweza kulifungua, akakuta neno usanisinuru, akauliza ni kitu gani, akaelezwa na mwanawe mwenyewe, kisha akaongeza habari za mchicha wake unaopauka kivulini. Hayo ndiyo malezi ya sababu yakiwa kazini, na wala baba hakuhitaji kuijua sayansi kabla. Alihitaji kuweza kuuliza. Mwezi wa Januari mtoto huyo huyo huingia Kidato cha Kwanza, na kwa siku moja karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Jasho la mtungi huwa neno la kigeni lenye silabi tano, ambalo mama hawezi kulitamka, na ambalo mtoto hawezi kumweleza kwa kuwa naye amelinakili kutoka ubaoni bila ya kulielewa. Daftari hufungwa. Mtungi unabaki barazani na Fizikia inabaki shuleni, na kijana aweza kumaliza miaka minne asijue kuwa viwili hivi vina uhusiano.

Hapa niirudie ile aina ya nne. Mtazameni mzazi wa kijana wa Kidato cha Pili. Haulizi juu ya somo, maana hajui cha kuuliza. Hakagui daftari, maana likiwa limepinduliwa juu chini hataona tofauti. Mchunguzi akimjia na karatasi ya maswali, akamwuliza azungumza na mwanawe juu ya masomo mara ngapi kwa wiki, atasema kweli yake: hata mara moja. Ataandikwa katika safu ya waliotelekeza, na safu hiyo itasomwa katika semina, na kutoka semina itafika magazetini. Lakini mtu huyu hakutelekeza, alitolewa nje. Miaka miwili nyuma alikuwa akiuliza habari za usanisinuru. Kwa kanuni moja tu tumewachukua wazazi wa nchi nzima, wapole kwa wakali, tukawatia katika aina ile ambayo wataalamu wote wamekubaliana kuwa ndiyo mbaya kupita zote.

Au tuseme ni mtu asiyekubali kutolewa. Amebakiwa na chombo gani? Amri. "Kasome!" Hawezi kusema kasome nini wala kwa nini, aweza tu kuhesabu saa ambazo kijana ameinamia kitabu, na mwisho wa muhula kuhesabu alama, na zikiwa chache, kushika fimbo. Watu wataiona fimbo hiyo na kusema: tazameni ukali wa wazazi wetu! Hawaoni kuwa mtu huyu alikuwa na sababu kinywani mpaka lugha ilipomnyang'anya. Ndiyo maana nasema kuwa kanuni ya lugha ya kufundishia haikomei shuleni. Hubadilisha namna ya kulea. Humsukuma mzazi wa sababu kwenye amri na mzazi mchovu kwenye kutelekeza, ikamwacha salama yule tu aliye na Kiingereza, au aliye na fedha za kumlipa mwalimu wa jioni. Kipimo cha malezi kikiletwa hapa bila ya uangalifu hugeuka kuwa kipimo cha mfuko.

Wala hatuwezi kusema hatukuambiwa. Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, shule za msingi zilichukua Kiswahili, na ilidhaniwa kuwa sekondari zitafuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kuwa Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985, serikali ikakataa. Mwaka 1984 Waingereza wenyewe, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kuwa wengi hawakuwa nacho cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Mwaka 2001 Halima Mwinsheikhe aliandika tasnifu mjini Oslo juu ya Kiswahili katika masomo ya sayansi ya sekondari, na maprofesa wetu wa Dar es Salaam wakaendelea na majaribio ya namna hiyo pamoja na wenzao wa Norway na Afrika Kusini. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote; ahadi haikutimizwa. Zanzibar, kwa sera yake ya mwaka 2006, iliamua kuviingiza Hisabati na Sayansi katika Kiingereza tangu darasa la tano, yaani kumtoa mzazi nje mapema zaidi, mtoto akiwa hajabalehe bado.

Matokeo ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi: karibu watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na sifuri nyingi zikaondoka katika karatasi. Wakati huo pia wazazi walisemwa sana. Basi na wakumbuke wasemaji kuwa mwaka uliofuata wa 2014, Rais Kikwete alipokuwa akisisitiza agizo lake la maabara tatu kwa kila shule ya kata, ni wazazi hao hao wasiojali waliochangishwa fedha, wakabeba mchanga na kufyatua matofali kwa ajili ya vyumba ambavyo ndani yake hawataelewa neno moja.

Najua nitakayojibiwa. Ya kwanza, kuwa Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Tangu mwaka 1990 iko Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Anayesema hakuna maneno na aseme kuwa hajaifungua. Ya pili ni nzito zaidi: kuwa wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza, na mwenye uwezo hukimbilia shule za binafsi zinazofundisha kwa lugha hiyo. Ni kweli, na hawana makosa. Mzazi ameona kuwa mlango wa ofisi hufunguka kwa Kiingereza, na anautaka ufunguo. Lakini kutaka mtoto ajue lugha si kutaka lugha hiyo iwe ukuta kati ya mtoto na kila elimu nyingine. Kiingereza chaweza kufundishwa vizuri, na mwalimu anayekijua, kwa saa zake, kama somo. Na nani amemwuliza mzazi, kwa Kiswahili fasaha, kama yuko tayari kuilipia bei hiyo kwa Fizikia, Kemia na Biolojia?

Ninalolitaka mimi si geni, ni lile la Tume ya Makweta, nami sitachoka kulidai. Lakini maadamu wakubwa huiogopa kazi hiyo, na ianzwe kwa lililo dogo. Maswali ya mtihani wa sayansi wa Kidato cha Nne yachapishwe kwa lugha mbili, na mtahiniwa ajibu kwa anayoiweza. Na kila mtoto aingiapo Kidato cha Kwanza apewe kijitabu chenye mambo ya sayansi ya mwaka ule, kwa Kiswahili upande mmoja na maneno ya Kiingereza upande wa pili. Kisikae kabatini kwa mkuu wa shule, kiende nyumbani, kiwekwe pale ambapo mama akimaliza kuosha vyombo atakiona, akifungue popote, na kuuliza hiki ni kitu gani. Watoto hao wakifika mtihani wa Kidato cha Nne, na waje washitaki na karatasi zao za maswali, wawaulize tena wazazi wao huzungumza na wana wao juu ya masomo mara ngapi kwa wiki.